Mwaka Mama Alipojifunza Kinanda

Mama yangu alivunjika kifundo cha mguu mwezi wa saba, akimfukuza mbuzi wa jirani aliyekuwa amevamia ndengu zilizoanikwa uani kwake huko Ikutha. Alikanyaga ukingo wa turubai, ukateleza, akaanguka vibaya. Hospitalini waliufunga mguu plasta, wakamwambia asiukanyage kwa wiki nane, na mambo ya shamba ayasahau mpaka mvua za mwisho wa mwaka. Kwa kuwa anaishi peke yake tangu baba afariki, nilikwenda nikamchukua, nikamleta kwangu Kathonzweni, ambako ninafundisha shule ya msingi.

Mwaitu, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba na ndivyo nitakavyomwita hapa, ana miaka sitini na tisa au sabini na miwili. Kitambulisho kinasema moja, yeye anasema nyingine. Sijawahi kumwona amekaa bila kufanya kitu kwa mikono. Alikuwa akitembea kwenda mtoni huku akisokota katani, akiongea na wageni huku akichambua pojo, na viondo alisuka mpaka mtoto wa jicho alipomfanya asizione tena nyuzi. Sasa alikuwa kwenye kochi langu, mguu juu ya stuli, mikono mapajani, akiitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Siku ya nne nilirudi kutoka shuleni nikamkuta amejikokota kwa magongo mpaka kwenye kona ya sebule, mahali ambapo kinanda changu hukaa kimefunikwa kwa leso. Leso alikuwa ameikunja, ameiweka kando. Kidole chake kimoja kilikuwa juu ya kibao cheupe, anakibonyeza, anakiachilia, anakibonyeza.

"Hakilii," akasema.

Nikawasha stima. Akabonyeza tena, sauti ikatoka, akaondoa mkono upesi. Kisha akaurudisha polepole, akabonyeza kibao kilekile, na safari hii hakukiachilia mpaka sauti yenyewe ikaisha.

"Nifundishe," akasema. "Nina wiki nane."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka, kwa hiyo nikaacha.

Mimi nimepiga kinanda kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila Jumapili napiga kanisani, na kwenye harusi na mazishi watu huja kuniita. Lakini ukiniuliza nilijifunza vipi, sina jibu. Nilikuwa na miaka saba. Kanisa letu pale Ikutha lilikuwa na kinanda cha kukanyaga, cha mbao, kilichokuwa kikipumua kama mtu mwenye pumu, na aliyejua kukipiga alikuwa mama mchungaji peke yake. Yeye na mumewe walikuwa wametoka upande wa Nyeri. Kikamba chake kilikuwa cha salamu tu, Kiswahili changu kilikuwa cha darasa la kwanza, na kati ya lugha hizo mbili mbovu alinifundisha. Alikuwa amewajaribu watoto wengine kabla yangu. Alisema mikono yao ilikuwa inaruka.

Miguu yangu haikufika chini, kwa hiyo alikuwa akikaa kando yangu kwenye benchi, anakanyaga yeye na mimi napiga. Aliweka kiberiti juu ya mgongo wa mkono wangu, na kikianguka tulianza upya. Nakumbuka kiberiti. Nakumbuka harufu ya sakafu iliyopigwa maji na harufu ya mafuta aliyopaka nywele. Lakini kujifunza kwenyewe sikukumbuki. Kuna wakati nilikuwa sijui, halafu kuna wakati nilikuwa najua, na katikati pako wazi, kama vile mtu asivyokumbuka alivyoanza kutembea. Baada ya miaka miwili mchungaji alihamishwa akarudi na mkewe kwao, nami nikabaki napiga kinanda kanisani, mtoto wa miaka tisa, watu wazima wakingoja nianze ndipo waimbe.

Kwa hiyo nilipomketisha Mwaitu mbele ya kinanda jioni ile, nilidhani kazi ni rahisi. Nikamwonyesha do. Nikamwonyesha re na mi na fa.

"Vidole vitano," nikamwambia, "na sauti ni nane. Unapanda hivi."

Nikapanda na kushuka. Akatazama kwa kuinamisha uso karibu sana na mkono wangu, kwa sababu ya macho.

"Rudia."

Nikarudia.

"Kidole gumba kilienda wapi?"

"Kilipita chini."

"Chini ya kipi?"

Nikafungua mdomo nikakuta sijui. Nikaweka mkono tena nijiangalie, nikipanda polepole ili nione gumba linapita chini ya kidole kipi, na hapo mkono wangu ukapotea. Nilipiga sauti mbili kwa pamoja kama mtoto wa siku ya kwanza. Nilijaribu mara tatu kabla ya kupata jibu kwamba gumba hupita chini ya kidole cha kati. Miaka thelathini mkono wangu ulikuwa umefanya jambo hilo, na hakuna siku ulikuwa umeniambia.

Maswali yake hayakuisha. Kwa nini kati ya mi na fa hakuna kibao cheusi? Kwa nini mkono wa kushoto unangoja? Nani aliamua kwamba hii ndiyo do, na kwa nini akiimba yeye peke yake jikoni do yake huwa mahali pengine? Mtoto haulizi hayo. Mimi sikuyauliza. Niliambiwa weka kidole hapa, nikaweka. Mwaitu alitaka kwanza aelewe mahali anapoweka kidole, kama mtu anayenunua shamba anavyotembea mipaka yote kabla ya kutoa neno.

Na vidole vyenyewe havikumtii. Ni vidole vilivyoshika jembe tangu utotoni, vizito, vyenye vifundo. Kile cha pete kilikataa kabisa kushuka bila kuburuta cha mwisho. Alikuwa akikibonyeza kwa mkono wa pili, kukishurutisha, kisha akikiachilia kinarudi kilivyokuwa. Nikitoka asubuhi kwenda shule, namwacha hapo. Nikirudi jioni, yupo hapo. Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, na bado hakuweza kupanda ngazi ile ya sauti nane bila kukwama.

Wiki ya tatu nilimkosea. Ilikuwa siku ndefu shuleni, nilikuwa nimechoka, na alikuwa amekwama palepale kwa mara ya ishirini. Nilisema, bila hata kumtazama, "Mwaitu, mtoto wa gredi ya pili angekuwa ameshalishika hili."

Alizima kinanda mwenyewe. Alitwaa leso, akaifunika juu yake, akainyoosha pembe zote nne kwa uangalifu, kisha akachukua magongo yake akaenda kulala, na ilikuwa hata saa mbili haijafika.

Siku iliyofuata hakugusa kinanda. Wala siku iliyofuata hiyo. Alikaa kwenye kochi akisikiliza redio. Mimi nilikuwa naona aibu, lakini sikujua nianzie wapi kuomba radhi, kwa sababu kwetu mtoto hamwombi mama yake radhi kwa maneno. Anampikia, anampelekea maji ya kuoga. Nilifanya yote hayo naye akapokea yote, lakini leso ilibaki ilipo.

Pale shuleni tuna mwalimu kijana anayefundisha muziki, na katika ofisi yake kuna gitaa. Saa ya chakula cha mchana nilimweleza mambo ya nyumbani. Alinisikiliza, akaniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, ni lini mara ya mwisho ulijifunza kitu ambacho mikono yako haijui?"

Nikasema sikumbuki. Akaniwekea gitaa mapajani, akanionyesha mahali pa vidole vitatu, akaniambia nikandamize nyuzi na nipige. Nilijiambia kwamba hili ni jambo dogo, mimi ni mtu wa muziki. Sauti iliyotoka ilikuwa ya debe. Nikakandamiza zaidi. Ncha za vidole ziliuma kana kwamba ninashika seng'enge, na kile kidole changu cha pete, ambacho kwenye kinanda hunifanyia kila ninachotaka, kilisimama hewani kikitetemeka. Nilijua kabisa kinachotakiwa. Masikio yangu yalijua, kichwa kilijua, lakini hapakuwa na njia ya kutoka huko kichwani mpaka kwenye kidole. Kengele ilipolia nilikuwa na jasho mgongoni, na bado sikuwa nimetoa sauti moja safi.

Nilirudi nyumbani nikamwonyesha Mwaitu ncha za vidole vyangu, nyekundu, zenye mistari ya nyuzi. Nikamweleza yote, hata ile sauti ya debe. Akavishika vidole akavigusagusa, maana kwa macho asingeviona vizuri.

"Vinauma?"

"Vinauma."

"Basi umeanza kunielewa," akasema. Akaomba chai. Nilijua nimesamehewa.

Tulipokuwa tunakunywa nilimwambia ukweli mwingine. Nilimwambia kwamba siwezi kumfundisha kwa sababu sijui nilivyofundishwa. Mama mchungaji alikuwa na daftari la mazoezi aliyoyaandika mwenyewe, ya kuanzia mkono mmoja mpaka miwili, na kama ningekuwa nalo ningempitisha humo hatua kwa hatua. Lakini aliondoka nalo, na mimi nilikuwa ninakumbuka zoezi moja tu, lile la kwanza.

"Lipi hilo?" akauliza.

Nikaliimba. Lilikuwa fupi, sauti tano za kupanda na kushuka.

Mwaitu aliweka kikombe chini. "Halafu lilifuata hili," akasema, na akaimba.

Aliimba bila maneno, kwa la-la-la, sauti yake ya kizee ikiwa nyembamba lakini imenyooka. Sikulitambua mara moja. Kisha lilipofika katikati, vidole vyangu vya mkono wa kulia vilianza kusogea vyenyewe juu ya goti langu, na ndipo nikajua. Lilikuwa zoezi la pili. Alilimaliza, akapumua, akaimba la tatu. Akaimba la nne, ambalo lilikuwa na mruko mkubwa. La tano. Kwenye la sita, ambapo mkono wa kushoto huanza, aliimba mkono wa kulia mpaka mwisho, akasimama, akasema, "Na chini yake kulikuwa na hili," akaimba wa kushoto.

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe kimepoa.

La saba lilikuwa na mahali pa ajabu. Aliimba vizuri mpaka karibu na mwisho, halafu akarudi nyuma sauti mbili, akazirudia, akasita kidogo, kisha akaruka mbele akamalizia. Nilimwomba arudie. Akarudia vilevile, na ile kurudi nyuma, na ile kusita. Na hapo ndipo palipokuwa wazi katikati ya kumbukumbu zangu palipopata kitu kimoja ndani yake. Nilimwona mama mchungaji akiinua mguu kutoka kwenye kikanyagio, kinanda kikikata pumzi, naye akisema, "Tena." Pale ndipo nilipokuwa nakosea. Miezi mingi nilifika pale nikakwama, nikarudi sauti mbili nyuma kutafuta njia, nikasita, nikaruka. Mwaitu hakuwa anaimba zoezi lililoandikwa kwenye daftari. Alikuwa ananiimba mimi, mtoto wa miaka minane, na kosa langu likiwa mahali pake.

"Hapo nilikuwa nakosea," nikamwambia.

Akashangaa. "Ulikuwa unakosea? Mimi nilidhani ndivyo ulivyo. Hapo ndipo palipokuwa panapendeza."

"Lakini ulikuwa wapi wewe? Hukuwa ndani."

"Nilikuwa nje. Dirisha la upande wa tangi la maji."

Alinieleza taratibu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Akina mama wa kanisa walikuwa na zamu za kuosha sakafu siku ya Jumamosi, kila mmoja na wiki yake. Zamu yake iliangukia wiki niliyoanza kufundishwa. Alimaliza kuosha, akatoka kumwaga maji, akasikia. Wiki iliyofuata alikwenda kwa mwenye zamu akamwambia apumzike, ataosha yeye. Na wiki iliyofuata vilevile. Mwishowe akina mama wote wakamwachia Jumamosi, wakifikiri amejiwekea nadhiri fulani. Alikuwa akifika mapema sana, akiosha upesi kabla hatujaingia, kisha akikaa chini nje ya dirisha lile na kiondo chake, akisuka na kusikiliza mpaka nimalize. Alifanya hivyo miaka miwili.

"Kwa nini hukuingia?"

"Ningeingia kufanya nini? Kiswahili cha yule mama sikukijua. Na lilikuwa jambo lenu."

"Na hukuwahi kuniambia."

"Hukuniuliza."

Mazoezi yalikuwa kumi na moja. Jioni ile aliyaimba yote kumi na moja, na zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imepita tangu ayasikie mara ya mwisho. Mimi niliyeyapiga kwa mikono yangu, niliyerudia kila moja mara mia, nilikuwa nimebaki na moja. Niliketi nikimtazama mwanamke huyu ambaye nilidhani namjua kuliko mtu yeyote duniani, na nilijisikia mdogo, lakini si kwa kuumia. Ilikuwa kama kuishi kwenye nyumba tangu kuzaliwa halafu mtu akufungulie mlango wa chumba ambacho hukuwahi kujua kipo, na ndani yake taa inawaka.

Kuanzia siku ile tulibadilisha kila kitu. Sikumwonyesha tena vidole. Aliimba zoezi kwanza, kisha akatafuta kwenye vibao mahali lilipo, akipapasa, akikosa, akisema "si hii," akipapasa tena. Nilijifunza kunyamaza, na hilo lilikuwa gumu kwangu, mtu niliyezoea kusahihisha. Wakati mwingine ilimchukua jioni nzima kupata sauti nne. Lakini akishazipata, hazikumtoka tena. Sikio lake lilikuwa limeshajua njia muda mrefu, na sasa lilikuwa linaipeleka mikono kwa kuishika, bila haraka.

Kidole cha pete hakikupona ukaidi wake. Alikiacha. Mahali palipohitaji kidole hicho alipata namna yake, akisogeza mkono mzima pembeni ili kidole cha kati kifike. Mama mchungaji asingekubali hata kidogo. Nilitaka kumkataza, nikakumbuka gitaa, nikafunga mdomo. Na lile zoezi la saba alilipiga na kusita kwangu ndani yake. Nilimwonyesha lilivyopaswa kuwa. Akalisikiliza kwa heshima, akasema ni zuri pia, akaendelea na lake.

Mume wangu anafanya kazi katika mji wa Salama, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na huja nyumbani wikendi. Jumamosi moja ya mwezi wa tisa alifika mchana nikiwa jikoni nakoroga uji. Aliingia kwa mlango wa nyuma akasimama kando yangu, begi bado begani, anasikiliza kutoka sebuleni. Ilikuwa pambio la kanisani, mkono wa kulia na wa kushoto, polepole, kila sauti ikipewa muda wake.

"Umemweka mtoto gani pale?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nenda ukaangalie."

Akaenda mpaka mlangoni. Hakuingia. Alisimama pale mpaka pambio likaisha, na aliporudi jikoni alikuwa amevua kofia yake.

Plasta ilitolewa, magongo yakawa gongo moja, kisha hata hilo akaliacha nyuma ya mlango. Wiki nane zilikuwa zimeisha zamani lakini hakuna aliyezitaja. Ilipofika katikati ya mwezi wa kumi alianza kuangalia mawingu, akaniambia anataka kwenda kupanda. Nilimwambia achukue kinanda. Kinatumia betri pia, na kwake kuna sola. Alikataa siku mbili, akasema kanisa litapiga nini, nikamwambia kanisani kuna kingine. Siku ya tatu nilipoamka nilikuta ameshakifunga ndani ya blanketi, amekizungushia kamba ya katani mara sita, fundo juu ya fundo.

Mvua zilikuja kwa kuchelewa, zikaja vizuri. Tuliongea kwa simu. Aliniambia habari za ndengu, za mguu, za mbuzi wa jirani ambao sasa wamefungwa. Kinanda hakukitaja, nami niliogopa kuuliza. Nilidhani kazi imemmeza. Nilidhani pengine lilikuwa jambo la mguu tu, na mguu umepona.

Mwezi wa nne shule zilipofungwa nilikwenda Ikutha. Nilishuka barabarani nikatembea kile kipande cha njia ya mchanga, na nilipokaribia boma nilisikia kinanda. Nilisimama. Wimbo ule haukuwa zoezi, wala haukuwa wa kanisani. Ulikuwa unashuka na kuzunguka na kushuka tena, na haukufika mahali nilipokuwa nautarajia ufike. Mimi ambaye husikia wimbo mara moja nikajua sauti zake ni zipi, nilisimama kwenye jua na mfuko wa unga mkononi bila kuzitambua.

Niliingia ndani. Kinanda kilikuwa mezani karibu na dirisha. Mwaitu alikuwa ameketi wima, macho amefumba, na mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya vibao vyeusi. Havikuwa vyeusi vichache vya kupitia. Alipiga vyeusi vitupu, hakugusa cheupe hata kimoja. Vidole vyake vizito vilikuwa vinakaa juu ya vibao vile vilivyoinuka kana kwamba vilipimiwa.

Alinisikia, akafumbua macho, lakini alimaliza kwanza.

"Huo ni wimbo gani?" nikamuuliza kabla hata ya salamu.

"Wa nyanya yangu. Alikuwa akiuimba akipura mawele. Nilikuwa mdogo hivi." Akaonyesha kwa mkono, chini ya meza. "Niliutafuta kwenye vile vyeupe mwezi mzima. Haukuwemo. Kila mara palikuwa na sauti moja inayouharibu. Halafu siku moja mkono ukateleza ukaangukia huku juu, na wote ukawa huku. Na si huo peke yake. Nimepata nyimbo tatu."

Niliwaza jinsi mama mchungaji alivyoniambia, siku za mwanzo kabisa, kwamba vyeusi nisiviguse mpaka nitakapoambiwa, nami sikuvigusa, na nilipoambiwa nilivigusa kwa kadiri nilivyoambiwa. Miaka thelathini na zaidi nimevipita huku na huku kila Jumapili. Nilifundishwa nikiwa mdogo mno kuweza kutafuta kitu changu mwenyewe humo. Sikuwa na chochote cha kutafuta. Mwaitu alikuja kwenye kinanda na miaka sabini ya nyimbo kichwani, akaanza kuzitafutia makao, moja moja.

"Nipigie tena," nikamwambia.

"Weka kwanza unga chini, mwanangu. Umesimama nao kama mgeni."

Nikauweka chini ya meza, nikavuta stuli nikakaa kando yake. Alipiga wimbo wa nyanya yake tena, na safari hii aliuimba pia, kwa maneno ya Kikamba cha zamani ambayo nusu yake sikuyafahamu. Nje, mawele yake mwenyewe yalikuwa yamefika kiunoni. Alipomaliza aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akainuka kwenda kuwasha moto, akikanyaga kwa miguu yote miwili sawasawa, na kutoka jikoni akaniambia kwamba wimbo wa tatu bado una mahali pamoja panapomsumbua, na nikishashiba nimsaidie kusikiliza.